Tony Brooks na mzunguko wa kwanza wa Sebring, 1959

Tarehe 12 Desemba 1959, kwenye uwanja wa zamani wa ndege za kivita huko Sebring, Florida, madereva watatu walijipanga kuanza mashindano ya mwisho ya msimu wa mbio za magari za Formula One huku kila mmoja akiwa na hesabu yake ya kuwa bingwa wa dunia. Jack Brabham wa Australia alikuwa na pointi 31. Stirling Moss wa Uingereza alikuwa na 25.5. Wa tatu, Mwingereza vilevile, alikuwa Tony Brooks wa timu ya Ferrari, mwenye pointi 23. Mzunguko wa kwanza haujaisha, gari la Brooks likagongwa kwa nyuma na dereva wa timu yake mwenyewe, Mjerumani Wolfgang von Trips. Brooks akaingia kwa mafundi, akataka gari likaguliwe. Wakakagua, hawakuona kasoro. Akarudi barabarani akiwa amepoteza takriban dakika 2, akamaliza wa tatu, na ubingwa ukamwendea Brabham.

Kisa kinasimuliwa kwa njia mbili. Kuna wanaosema Brooks aliutupa ubingwa kwa woga wa dakika moja. Wengine wanamfanya mtakatifu aliyetanguliza uhai mbele ya kombe. Wote hawa wanaruka hesabu za mashindano yenyewe, na wanaruka miaka minne ya maisha ya mtu wanayemzungumzia. Nilivyokichunguza kisa hiki, uamuzi wa kuingia kwa mafundi haukufanyika Sebring, na ubingwa wa 1959 nao haukupotea Sebring. Nitaanza na uamuzi.

Brooks alizaliwa tarehe 25 Februari 1932 huko Dukinfield, katika jimbo la Cheshire. Baba yake alikuwa daktari wa meno, naye akasomea kazi hiyohiyo Manchester. Mbio za magari zilikuwa mambo ya mwisho wa wiki. Mwezi Oktoba 1955, akiwa bado mwanafunzi, timu ndogo ya Kiingereza iitwayo Connaught ilimwita akaendeshe gari lao kwenye mashindano ya Syracuse, Sicily. Hakuwa amewahi kuendesha gari la Formula One hata siku moja. Ndani ya ndege alikwenda akisoma vitabu vya mitihani yake ya meno. Mbele yake walikuwepo Waitaliano na Maserati zao, nyumbani kwao, na hakuna aliyewaza kwamba mwanafunzi yule angewasumbua. Aliwashinda kwa karibu dakika nzima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Henry Segrave mwaka 1924 kwa dereva wa Kiingereza kushinda Grand Prix, yaani shindano kubwa la magari, ndani ya gari la Kiingereza. Kisha akarudi chuoni kumalizia masomo.

Naanza na Syracuse kwa sababu ndiyo inayoonyesha alikuwa mtu wa namna gani kabla hajaumizwa. Hakuwa na fujo barabarani. Wenzake walioshindana naye walieleza uendeshaji laini, usio na mikwaruzo, ambao ukiutazama kwa macho tu hudhani ni mwendo wa taratibu, hadi uangalie saa. Kasi yake ilionekana zaidi kwenye kona ndefu zinazopitwa kwa mwendo mkali, mahali ambapo gari likikukosea hupati nafasi ya pili. Dereva wa aina hiyo anaweka imani yote kwenye gari. Akiwa na shaka na gari, kipaji chake hakina pa kusimama.

Mwaka 1956 alijiunga na BRM, timu nyingine ya Kiingereza. Gari lao lilikuwa na nguvu nyingi na uimara kidogo. Kwenye Grand Prix ya Uingereza pale Silverstone, mwezi Julai, alianza vizuri, kisha mfumo wa kupeleka mafuta kwenye injini ukakatika. Akaingia kwa mafundi, wakafungafunga kwa haraka, akarudi barabarani. Alijua haukuwa umekaa sawa. Akiwa kwenye kona ya Abbey kwa mwendo wote, mafuta yakakwama wazi: aliinua mguu, injini ikaendelea kusukuma. Gari likapanda ukingo, likapinduka, likamtupa nje, kisha likawaka moto likateketea. Alivunjika taya. Baadaye alipenda kusema kwamba kujichoma moto ndiko tendo la maana pekee ambalo gari lile lingeweza kufanya.

Mwaka uliofuata, Juni 1957, alikuwa kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, na gari la Aston Martin, akipokezana na Noel Cunningham-Reid. Usiku, wakiwa katika nafasi ya pili, gia boksi ilikwama kwenye gia ya nne. Brooks aliamini angeweza kuinasua. Akawa anahangaika na mkono wa gia huku gari likikimbilia kona ya Tertre Rouge, akachelewa kwa sekunde chache. Gari likapanda tuta la mchanga, likapinduka, likamlalia. Alibanwa chini yake, barabarani, gizani, magari mengine yakija kwa kasi. Kilichomwokoa ni Porsche ya Umberto Maglioli, iliyolivaa gari lake na kulisukuma kutoka juu ya mwili wake. Alitoka na majeraha mabaya na shimo kwenye paja, bila mfupa kuvunjika.

Hapa ndipo kisa cha Sebring kinapozaliwa. Brooks alikuwa Mkatoliki wa dhati. Akiwa amelala na majeraha ya Le Mans alizipima ajali zile mbili, akaona zina asili moja: mara zote mbili alijua kabla kwamba gari lina kasoro, na mara zote mbili aliamua kuendelea. Ajali ya kosa la dereva aliikubali kuwa sehemu ya kazi. Ajali ya gari zima lililovunjika ghafla nayo aliikubali. Aliyoikataa ni ya tatu, ile ya kujua na kuendelea. Kwa imani yake uhai ni zawadi ya Mungu, na kuuweka rehani pasipo sababu ni kosa la kimaadili. Akajiwekea ahadi kwamba hatashindana tena ndani ya gari analolijua, au analolishuku kwa sababu ya msingi, kuwa limeharibika.

Tuzingatie mipaka ya ahadi hiyo, maana hapo ndipo wasimulizi wengi wanapopotoka. Hakuahidi kupunguza mwendo, wala kukwepa mashindano ya hatari. Wiki nne tu baada ya Le Mans, majeraha bado mabichi, alianza Grand Prix ya Uingereza pale Aintree na timu ya Kiingereza ya Vanwall, aliyokuwemo pia Moss. Hakuwa na nguvu za kumaliza, kwa hiyo walikuwa wamekubaliana kwamba gari la Moss likiharibika atampa lake. Ikawa hivyo. Moss alilipokea likiwa nafasi ya tisa akalifikisha la kwanza, na ushindi ukaandikwa kwa majina yao wawili. Ndio ushindi wa kwanza wa gari la Kiingereza katika Grand Prix ya ubingwa wa dunia.

Mwaka 1958 alishinda mara tatu akiwa na Vanwall: Spa ya Ubelgiji, Nürburgring ya Ujerumani na Monza ya Italia. Anayezijua barabara za zamani hahitaji maelezo. Spa ilikuwa na kilomita 14 za barabara za kijijini, nyumba, nguzo na miti pembeni, na kona zinazopitwa bila kuinua mguu. Nürburgring ilikuwa na zaidi ya kilomita 22 za kupanda na kushuka msituni. Monza ni mwendo tu. Mtu mwoga hashindi moja ya hizo, sembuse zote tatu kwa msimu mmoja.

Ni msimu huohuo uliokusanya vifo. Luigi Musso alikufa Reims, Ufaransa, mwezi Julai. Peter Collins alikufa Nürburgring tarehe 3 Agosti, akiwa anamfukuza Brooks mwenyewe. Stuart Lewis-Evans, wa timu ya Vanwall, aliungua kwenye mashindano ya Morocco mwezi Oktoba, akafariki siku chache baadaye. Mike Hawthorn, aliyechukua ubingwa mwaka huo akastaafu, alikufa kwa ajali ya barabara ya kawaida karibu na Guildford mwezi Januari 1959. Tony Vandervell, mwenye Vanwall, afya yake ikiwa imezorota na moyo ukiwa umevunjika kwa kifo cha Lewis-Evans, akaifunga timu. Ndivyo Brooks alivyojikuta Ferrari.

Gari alilopewa lilikuwa na injini mbele. Kwa msomaji wa leo hilo linaweza kupita kama maelezo ya ufundi tu, ila mwaka 1959 ndilo lililokuwa swali lenyewe. Timu ya Cooper, ya baba na mwana kutoka Surbiton, ilikuwa imehamishia injini nyuma ya dereva. Gari lao lilikuwa dogo, jepesi, linakata kona vizuri, na halikuhitaji injini kubwa ili kwenda na wakubwa. Ferrari ya Brooks ilikuwa na nguvu zaidi, ikafaa kwenye barabara ndefu zilizonyooka. Maana yake ubingwa wake ulitegemea ratiba: kadiri msimu ulivyokuwa na mashindano ya mwendo mrefu, ndivyo alivyokuwa na nafasi.

Monaco, katikati ya mji wa kona za kubana, alimaliza wa pili nyuma ya Brabham, matokeo mazuri kuliko gari lilivyostahili. Uholanzi gari liliharibika. Reims, mwezi Julai, siku ya joto kali lililoyeyusha lami na kurusha kokoto usoni mwa madereva, aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Agosti walikwenda AVUS, Berlin: barabara mbili zilizonyooka sambamba, zikiunganishwa upande mmoja na kona ya matofali iliyoinuliwa kama ukuta. Jean Behra alikuwa amekufa juu ya kona hiyo siku moja kabla, akiendesha Porsche katika mashindano mengine. Brooks akashinda kwa wastani wa karibu kilomita 230 kwa saa, akaweka na mzunguko wa kasi zaidi. Miezi minne baadaye watu hao hao wangeanza kuuliza kama alikuwa na moyo wa kutosha.

Sasa tuangalie yaliyopotea. Grand Prix ya Ubelgiji, pale Spa, ilifutwa mwaka huo. Hiyo ndiyo barabara aliyoshinda mwaka uliotangulia, na ndiyo iliyolifaa gari la Ferrari kuliko zote. Kisha Ferrari haikwenda Grand Prix ya Uingereza kwa sababu ya migomo ya wafanyakazi wa vyuma Italia. Brooks akaazimwa Vanwall ya zamani kwa siku hiyo moja, ikamharibikia, na Brabham akashinda. Ureno alikuwa wa tisa. Monza, mbele ya Waitaliano wote, gari lake lilikufa palepale mwanzoni. Hesabu hiyo ndiyo iliyompeleka Sebring na pointi 23.

Kanuni za pointi zinataka utulivu kidogo, lakini bila kuzielewa kisa hakieleweki. Mshindi alipata 8, wa pili 6, wa tatu 4, wa nne 3, wa tano 2, na aliyeweka mzunguko wa kasi zaidi akaongezewa 1. Mashindano yalikuwa 9, ila dereva alihesabiwa matokeo yake 5 bora tu. Brabham alikuwa tayari na matokeo 5, na dogo kati ya hayo lilikuwa la pointi 4. Kwa hiyo kumaliza wa tatu au chini ya hapo pale Sebring kusingemwongezea chochote. Angebaki na 31. Moss alikuwa na tokeo la pointi 1 la kutupa, kwa hiyo akishinda angefika 32.5. Brooks alikuwa na matokeo 3 tu, kila alichopata kingeongezeka chote. Akishinda angefika 31, sawa na Brabham, akiwa na ushindi mara 3 dhidi ya mara 2 za mwenzake. Akishinda na kuweka mzunguko wa kasi zaidi angefika 32. Zaidi ya hayo, ilibidi Brabham asipate nafasi ya kwanza wala ya pili.

Kwa ufupi, Brooks alihitaji kushinda. Nafasi ya pili isingemsaidia kitu.

Hata kabla ya kuanza mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Madereva watatu wenye muda bora wa kupanga nafasi ndio waliokuwa waanzie mstari wa kwanza, na Brooks alitarajia kuwa mmoja wao baada ya Moss na Brabham. Ghafla ikatangazwa kwamba Harry Schell ana muda bora kuliko wake. Schell alikuwa dereva mzuri, ila si wa muda ule na gari lile, na habari iliyosimuliwa tangu siku hiyo ni kwamba alikata njia mahali fulani kwenye uwanja ule mpana wa zege, ambako alama za barabara hazikuwa wazi. Ferrari wakabisha, mabishano yakafika hadi penye magari, waandaaji wakashikilia msimamo wao. Brooks akarudishwa mstari wa pili. Nyuma yake, mstari wa tatu, alikuwepo von Trips.

Bendera ikashuka, na katika msongamano wa mzunguko ule wa kwanza von Trips akamgonga.

Brooks alikuwa na njia tatu. Ya kwanza, aendelee kwa nguvu zote na kutumaini mema. Ya pili, aendelee kwa mizunguko miwili mitatu akilisikiliza gari, akiona liko sawa aongeze mwendo. Ya tatu, aingie kwa mafundi mara moja. Muda wa kuchagua ulikuwa ni ule uliobaki kufika mwisho wa mzunguko: dakika mbili hivi, huku akiendesha.

Njia ya pili ndiyo inayowavutia wengi, na nakiri ina mvuto. Sebring ni tambarare, ina nafasi pembeni, hakuna miti wala nyumba. Kama kuna mahali pa kulijaribu gari lenye shaka, ni pale. Lakini fikiria lililogongwa ni gari gani. Kwenye Ferrari yenye injini mbele, tangi la mafuta lilikuwa mkiani, nyuma ya mgongo wa dereva. Hukohuko nyuma ndiko ziliko difu, springi, shokapu na ekseli. Gari lilianza mashindano likiwa limejaa petroli ya kumaliza kilomita zaidi ya 350. Dereva hakufungwa mkanda. Siku hizo hakukuwa na mikanda. Uwanja wa Sebring ulikuwa wa vibao vya zege vilivyoachana, na kila kiungo kilikuwa pigo dogo kwenye springi. Chuma kilichopata ufa hakimpi dereva ishara kwenye mizunguko miwili ya kwanza. Kinashikilia, kinashikilia, kisha kinaachia, na mara nyingi kinaachia kwenye kona ya mwendo mkali ambako mzigo ni mkubwa. Kwa hiyo "kulisikiliza gari" kungemwambia habari za vitu vilivyokwisha kuvunjika tu. Kuhusu vitu vinavyokaribia kuvunjika, mtu pekee wa kumwambia ni fundi aliyeinama chini ya gari.

Kuna methali tunayoipenda: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Inamkaa Brooks vizuri kwa haraka haraka, na ndiyo maana naikataa. Aliyeshtuka hana hesabu, mwili unamwamulia. Brooks alikuwa ameshafanya hesabu mwaka 1957, akiwa ametulia, akaiandika moyoni kama sheria, ili siku itakayokuja na presha asilazimike kuifikiria upya. Hilo ndilo jambo ninaloliheshimu zaidi katika kisa chote. Ubingwa wa dunia, umati, mafundi wanaokutazama, Waitaliano wanaosubiri habari kwa simu: hakuna binadamu anayepima vizuri katikati ya hayo kwa dakika mbili. Mwenyewe alieleza katika miaka ya baadaye kwamba jambo rahisi lilikuwa kuendelea, na kwamba kuingia ndiko kulikuwa kugumu. Namwamini. Angepita mbele ya mafundi bila kusimama, hakuna ambaye angemuuliza swali lolote, hata leo.

Na ile hoja kwamba mafundi hawakuona kitu? Haiharibu uamuzi. Uamuzi hupimwa kwa yale aliyoyajua mtu alipouchukua. Alijua gari limegongwa nyuma, hakujua kiasi gani. Mafundi kutoona kasoro ni habari iliyopatikana kwa kuingia; asiyeingia hawezi kuipata.

Sasa twende kwenye swali ambalo wapenzi wa Brooks hulikwepa kwa sababu linapunguza uchungu wa kisa. Je, asingesimama angeshinda?

Moss aliongoza kwa mbali, gia boksi ya Cooper yake ikafa mzunguko wa 5. Brabham akashika uongozi, nyuma yake kijana wa timu yake, Bruce McLaren wa New Zealand. Wakaenda hivyo hadi mzunguko wa 42, wa mwisho, ambapo Brabham aliishiwa mafuta karibu na mwisho. McLaren akapita akashinda akiwa na miaka 22. Maurice Trintignant wa Ufaransa akamaliza wa pili nyuma yake kwa sehemu ya sekunde tu, 0.6. Brooks wa tatu. Brabham alishuka akalisukuma gari peke yake hadi kwenye mstari, akamaliza wa nne, akaanguka chini kwa uchovu, akiwa bingwa wa dunia.

Brooks alifika dakika 3 na sekunde moja hivi nyuma ya McLaren. Toa dakika 2 za kwa mafundi, inabaki dakika nzima bado. Unaweza kusema dereva aliyeachwa peke yake nyuma haendeshi kama aliye kwenye vita, na kwamba aliporudi ilibidi awapite wengine. Nakubali, baadhi ya ile dakika ni ya hayo. Lakini tazama muda wa kupanga nafasi. Moss alizunguka kwa dakika 3 kamili. Brooks alitumia dakika 3 na sekunde karibu 6. Pale Sebring Cooper ilikuwa gari la kasi zaidi, na katika mashindano Trintignant, naye kwenye Cooper, ndiye aliyeweka mzunguko wa kasi zaidi. Ili Brooks ashinde, ilibidi Moss aharibikiwe, Brabham aharibikiwe, McLaren aharibikiwe, na Trintignant apungukiwe. Mawili ya kwanza yalitokea. Mawili ya mwisho hayakutokea. Kwa maoni yangu, asingesimama angemaliza wa tatu, karibu zaidi na walio mbele, na ubingwa ungekuwa wa Brabham vilevile.

Bila shaka Brooks, mwisho wa mzunguko wa kwanza, hakuwa na habari ya lolote kati ya hayo. Kwa alivyojua yeye, kusimama kulikuwa ni kuuachia ubingwa. Kwa hiyo ukubwa wa alichokitoa haupungui hata kama hesabu zinaonyesha huenda hakuwa nacho. Ila anayetaka kujua ubingwa ule ulipotelea wapi aitafute Spa iliyofutwa, Aintree ambako Ferrari haikwenda, na Monza. Ushindi mmoja tu kati ya hizo ungetosha kumfanya afike Sebring na pointi 31. Wanaolaumu dakika 2 za Desemba wanasahau miezi mitatu ya kiangazi.

Alimaliza msimu wa pili kwa pointi 27. Akaondoka Ferrari, kwa kuwa alikuwa ameoa na anataka kujenga biashara ya gereji Weybridge, akaenda timu ya Yeoman Credit iliyotumia Cooper. Mwezi Juni 1960, miezi sita baada ya Sebring, walikuwa Spa. Kwenye mazoezi gurudumu la nyuma la Lotus ya Moss lilichomoka akiwa kwenye mwendo mkali, akavunjika miguu. Siku hiyohiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika, naye akaumia vibaya. Kesho yake, kwenye mashindano, walikufa Waingereza wawili, Alan Stacey na Chris Bristow. Bristow alikuwa dereva wa timu ya Brooks. Mambo ya Moss na Taylor yalikuwa yaleyale: chuma kilichoachia bila kumwonya mtu. Sijaona anayemcheka Brooks wa Sebring akiitaja wikiendi ile ya Spa pamoja, na ninadhani zinastahili kusomwa pamoja.

Von Trips, aliyemgonga, alikufa Monza tarehe 10 Septemba 1961 pamoja na watazamaji zaidi ya kumi, akiwa yeye ndiye anayeukaribia ubingwa. Brooks alikuwepo kwenye mashindano hayo, akimaliza wa tano na BRM. Mwezi uliofuata, huko Watkins Glen, Marekani, alimaliza wa tatu, kisha akaacha kabisa. Alikuwa na miaka 29 na ushindi mara 6 katika Grand Prix za ubingwa wa dunia, ukiwemo ule wa Aintree aliogawana na Moss. Moss alimsifu hadi uzeeni, akisema ni mmoja wa madereva bora ambao dunia haikuwajua vya kutosha.

Aliishi miaka 60 zaidi. Aliendesha gereji yake, akalea watoto, na kila alipohojiwa kuhusu Sebring alijibu yale yale, kwamba angefanya hivyo tena. Alifariki tarehe 3 Mei 2022, akiwa na miaka 90, wa mwisho kuwa hai kati ya wote walioshinda Grand Prix katika miaka ya 1950.